Amplifaya ya Ng'ombe wa Madoa

Amplifaya ya baba yangu ilikufa Jumamosi moja mchana, umeme uliporudi baada ya kukatika tangu asubuhi. Ulirudi kwa kishindo, kama mtu aliyesahau funguo ndani. Nilisikia mlio mdogo, nikanusa harufu ya plastiki iliyoungua, kisha sebule ikawa kimya. Mume wangu aliingia, akanusa, akaniuliza kama nimeunguza wali. Sikumjibu. Kuna maswali ambayo mtu akiyajibu papo hapo anaweza kuvunja ndoa.

Mimi ni nesi. Serikali ilinileta Machochwe kwa barua, mume wangu akanibakiza kwa maneno. Nyumbani ni Dodoma, kwa Wagogo, ambako baba yangu alikuwa karani mwenye amplifaya moja, spika mbili za mbao na kiti kimoja. Kiti kile kilikuwa katikati kabisa, spika hii kushoto na ile kulia, na hakukaa mtu mwingine ila yeye. Siku niliyofaulu kwenda sekondari alinikalisha pale. Akawasha, akaniambia nifumbe macho. Mwimbaji alisimama mbele yangu, hatua chache tu, mahali ambapo hapakuwa na spika wala mtu. Tangu siku hiyo sijawahi kuvumilia redio iliyowekwa juu ya kabati kama chombo cha maua.

Alipofariki, kaka zangu waligawana shamba na mifugo, mimi nikapewa amplifaya na spika zake. Kila mmoja wetu aliona amependelewa.

Nyumba yetu ya matofali ipo ndani ya boma la baba mkwe. Dirisha la sebule linatazama zizi, na kati ya ukuta wangu na zizi kuna nafasi ndogo tu, ya kutosha mtu kukaa na ng'ombe kupita. Nilipoolewa nilielezwa mambo mengi, lakini lililonishika zaidi ni la ensoni. Neno hilo la Kikurya nikilitafsiri kwa haraka ni heshima, nikilitafsiri polepole ni aibu, na maana yake iko hapo katikati. Kwa ensoni, baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hamshiki mkono, hali naye meza moja, wala hamwombi kitu uso kwa uso. Vijana wengi siku hizi wamelegeza. Baba mkwe wangu hakulegeza hata kidogo. Nilikuwa namsalimia shikamoo kwa mbali kila asubuhi nikienda zahanati, naye anaitikia marahaba akiwa anawatazama ng'ombe, hadi nikawa najisikia nimewaamkia wao.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuniomba kitu. Hata chumvi ikihitajika upande wake, alikuja mama mkwe kuichukua.

Kila jioni nikitoka kazini nilikuwa nawasha muziki hadi chakula kinapoiva. Na kila jioni, mama mkwe akikamua, mzee alikuwa anakaa kwenye kigoda chake nje ya dirisha langu, mgongo ukutani. Niliamini anasimamia ukamuaji. Nilimwonea huruma mama mkwe, mwanamke aliyekamua maisha yake yote na bado anasimamiwa.

Siku chache baada ya amplifaya kufa, mama mkwe alikuja, akakaa, akakataa chai. Alisema ng'ombe wa madoa amepunguza maziwa. Nikamuuliza kama anakula vizuri, kama chuchu zimevimba, kama tumwite bwana mifugo. Akasema ng'ombe ni mzima. Halafu akaangalia amplifaya iliyokufa, akaangalia mikono yake.

"Mzee anasema ng'ombe amezoea redio."

Nilicheka. Yeye hakucheka, kwa hiyo nikaacha.

Alipoondoka nilimuuliza mume wangu, ambaye ni seremala na hupenda mambo yaliyonyooka. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwamba tata, yaani baba yake, alikuwa mpiga litungu maarufu ujanani. Litungu ni chombo chetu cha huku, cha nyuzi nane na bakuli kubwa la mbao, na sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, kama mtu mzima anayenung'unika kwa sababu nzuri. Kwenye flashi yangu kulikuwa na rekodi ya litungu iliyotolewa kwenye kaseti ya zamani. Nilikuwa naipiga mara kwa mara kwa sababu niliipenda, sikujua ni ya nani. Aliyepiga ni tata mwenyewe, kabla vidole havijakakamaa. Mume wangu ndiye aliyeiweka kwenye flashi, akasahau kuniambia.

Nilikaa na habari hiyo jioni nzima. Mzee alikuwa ametumia miaka akijisikiliza mwenyewe kupitia ukuta wangu, kwenye amplifaya ya baba yangu, na sasa asingeweza tena, na asingeweza kusema. Angeweza tu kumtuma ng'ombe.

Basi nikaanza kutafuta amplifaya.

Tulianzia Tarime mjini. Muuzaji alikuwa mtu wa ukoo wa mume wangu, kwa hiyo hakuweza kutufukuza, na kwa sababu hiyohiyo hakuweza kutupunguzia bei. Alizungumza wati tu. Alipowasha ile aliyoiita baba yao, mtetemo ulinipenya tumboni, na mimi kama nesi niliweza kuonyesha ini langu lilipo kwa kidole. Ilikuwa na taa zinazocheza na sauti ya mwanamke inayotangaza kila unachofanya. Nilimwomba apige kitu cha taratibu, nisikie. Alinitazama kwa masikitiko, akasema cha taratibu hata simu yangu inaweza. Hata hivyo alikubali tuondoke nayo kwa majaribio, kama watu wanavyoazimana dume, na lisipofaa linarudishwa.

Jioni ile nilipiga litungu. Nyuzi zote nane zikawa uzi mmoja mnene. Nilichungulia kwenye pazia. Mzee alisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho, maana ni mtu wa adabu, akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili wa zizi. Mama mkwe alikuja na ndoo ya maziwa mkononi kunipa majibu: ng'ombe wa madoa anasema hiyo ni mashine ya kusaga.

Nilikubaliana na ng'ombe kwa kila neno. Majirani hawakukubaliana. Walisimama njiani wakitikisa vichwa kwa furaha, na mwalimu wa kwaya akaja kutuomba tusiirudishe, na kama tutairudisha tumwambie mapema.

Ya pili tuliipata Sirari, mpakani, kwa muuzaji wa upande wa Kenya aliyeniita madam na kunihakikishia kwamba hii ni "clean kabisa, skiza tu mwenyewe." Nilisikiliza, na hakudanganya. Ilikuwa ndogo kama kopo la maziwa ya watoto, haina taa, haina mwanamke ndani. Nilipoiunganisha nyumbani na spika za baba na kukaa kitini kwangu, katikati kama alivyokaa yeye, mwimbaji alisimama mbele yangu pale pale. Nilitaka kulia. Nikaona shughuli imekwisha.

Kisha nikatoka nje. Mzee alikuwa ameenda kuangalia mahindi, kigoda kiko wazi. Niliangalia huku na huku, nikakaa juu yake, jambo ambalo sikupaswa kulifanya na ambalo sitalirudia. Kupitia ukuta haukuja muziki, nilisikia nzi wa zizini tu. Nikarudi ndani, nikaongeza sauti hadi mwisho, nikatoka tena. Sasa nilisikia nzi na mtu anayekohoa ndani ya debe.

Hapo nilikasirika. Sebule ni yangu, spika ni za baba yangu, pesa ni ya kusimama zamu, na anayechagua ni mtu ambaye hajawahi kukanyaga mlangoni kwangu. Nilimwambia mume wangu hivyo, nikaongeza na mambo mengine ambayo hayakuhusu amplifaya. Alinisikiliza huku akipiga randa ubao. Nilipomaliza akasema tununue hiyohiyo ndogo, tata atazoea.

Ajabu ni kwamba hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Azoee nini? Alikuwa tayari amezoea ukuta. Katika vitu vyote nilivyoleta kwenye boma lile, elimu yangu, dawa zangu, mapishi yangu ya mlenda ambayo hawayali, alichochukua mzee kilikuwa kile tu kilichopenya kwenye matofali. Na mimi nilitaka aendelee kukichukua. Nililigundua hilo nikiwa na hasira, nikabaki na hasira nusu saa zaidi ili nisionekane nimebadilika haraka.

Ile ndogo ikarudi Sirari.

Ya tatu tuliisikia kwa jirani, kwamba kule Kewanja kuna fundi wa mitambo anahama na anauza vitu vya ndani. Tulikuta kitanda, jokofu, mapazia, na chini ya mapazia amplifaya nyeusi, nzito, ya zamani, yenye vitufe vikubwa vya kuzungusha. Mume wangu aliinyanyua akaguna, na kwa seremala hiyo ni sifa. Niliigeuza nyuma. Kulikuwa na matundu ya spika mara mbili, seti ya A na seti ya B. Mbele, chini kushoto, kulikuwa na kitufe chenye nafasi tatu: A, B, na zote mbili kwa pamoja.

Nilikiangalia kile kitufe kwa muda. Sikuhitaji tena sauti ya kupenya ukuta. Nilihitaji sauti upande wa pili wa ukuta.

Fundi alitupigia litungu kutoka kwenye flashi yangu, tukasikia. Nyuzi zilikuwa nane. Akaniuliza, kwa wema tu, B nitaitumia kwa chumba gani.

"Ya ng'ombe," nilisema.

Alimtazama mume wangu. Mume wangu akatazama dari.

Kufunga kulichukua Jumapili nzima. Mume wangu alitengeneza maboksi mawili ya mbao yenye vipaa vidogo vya bati, mvua isije ikapiga spika mbili za B tulizonunua kwa fundi yuleyule, na yalipokamilika yalifanana sana na vibanda vya kuku. Yeye alitaka kuyapachika yote mawili juu ya dirisha, pamoja, yapendeze. Nikakataa. Nilitaka moja upande huu wa kigoda na jingine upande ule. Mzee siku hiyo alikuwa amekwenda kwa wenzake, kigoda kimebaki. Nilipima kwa kamba kutoka kigodani hadi ukutani, kushoto na kulia, nikarudia. Mume wangu akauliza kama ng'ombe atajua tofauti. Nikamwambia apige misumari.

Jioni niliwasha, nikageuza kitufe kwenye zote mbili, nikasimama nyuma ya pazia. Mzee alikuja, akaviangalia vile vibanda vya kuku kimoja kimoja, akakaa. Litungu likaanza. Alikaa kidogo, akasogeza kigoda kushoto. Akatulia. Akakirudisha kulia, kidogo sana, kama upana wa vidole. Kisha hakukisogeza tena. Aliinua uso, akatazama mbele yake, mahali pasipokuwa na mtu wala ng'ombe, na nikajua kuna kijana amesimama pale na litungu.

Niliondoka dirishani. Kuna vitu mkwe hapaswi kuviona.

Jibu lilikuja na maziwa. Ng'ombe wa madoa ameridhika.

Baada ya hapo ng'ombe yule aligeuka kuwa na maoni. Mama mkwe alikuja karibu kila jioni na ombi jipya, uso mkavu, kama karani wa mahakama. Ng'ombe anaomba litungu kwanza, taarifa ya habari baadaye. Ng'ombe anaona kwaya ile inapiga kelele. Ng'ombe leo anaumwa kichwa, punguza. Nilimuuliza kama nimtumie vidonge, akasema atauliza. Na lalamiko moja lilirudi mara nyingi kuliko mengine. Nilikuwa napiga pia muziki wa kwetu, zeze na marimba, na waimbaji wa Kigogo wanaopandisha sauti hadi koo linakaribia kukatika. Ng'ombe hakuupenda. Alisema unalia kama mtu aliyekanyagwa kidole. Kwa heshima yake nikawa nauzima mapema, naumalizia peke yangu kwenye A, sauti ya chini, yeye akishaondoka.

Tuliishi hivyo, na nathubutu kusema tulizoeana. Nikimsalimia asubuhi bado alitazama ng'ombe, lakini marahaba yake ilikuwa ndefu zaidi.

Halafu shemeji yangu mdogo akataka kuoa.

Wazee wa upande wa binti walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari. Ni haki yao kuingia zizini, kushika, kupapasa, kukataa. Nilikuwa ndani napika, dirisha wazi. Walizunguka, wakabishana, na mwisho mmoja wao akanyoosha fimbo yake kwa ng'ombe wa madoa. Pale dirishani nikaacha kukoroga.

Mzee angeweza kumkatalia. Watu hukataa, mmoja au wawili, kwa sababu maalumu, na sababu ikiwa na uzito inasikilizwa. Lakini ilibidi aitaje. Yule mgeni akauliza, kama ilivyo desturi, kama ng'ombe huyu ana tabia yoyote ambayo ni vizuri wakaijua mapema. Baba mkwe alimtazama ng'ombe. Akatazama ukuta wangu, vile vibanda viwili vya bati.

"Hana," alisema.

Wakamtoa siku iliyofuata pamoja na wenzake. Mama mkwe alisimama mlangoni kwangu tukiwaangalia wanavyopanda barabara. Alisema hatakosa kukamua, wapo wengine.

Jioni ile niliwasha kama kawaida. Mzee alikuja, akakaa, na nyimbo zote zilimfikia, lakini hakuna ombi lililokuja. Nilidhani ni huzuni ya mara ya kwanza, na kwamba atamteua ng'ombe mwingine. Walikuwepo wa kutosha, na yule mweusi alikuwa na sikio zuri kuliko marehemu, kama naweza kumwita hivyo ng'ombe aliyekwenda kwa wakwe.

Kabla hajateua, habari ikaja kutoka kwa wakwe wapya. Ililetwa kwa nia njema kabisa, watu wamekaa, chai ipo mezani kwangu, mzee yuko nje kwenye kigoda chake anasikia. Walisema wanashukuru sana kwa ng'ombe wa madoa. Anatoa maziwa mengi kuliko ng'ombe yeyote waliyewahi kuwa naye. Ndoo inajaa hadi inamwagika. Na kwao, wakaongeza kwa fahari, hakuna kelele yoyote, ni kimya tu, hata redio hawana.

Mume wangu alinywa chai ambayo ilikuwa imeshakwisha. Mama mkwe akatazama mikono yake. Nje nilisikia kigoda kikiburutwa.

Kuanzia hapo mzee alihamia mlangoni mwa boma. Jioni alikaa kule, mgongo kwetu, akiangalia barabara kana kwamba anamsubiri mtu. Niliendelea kupiga litungu kwenye zote mbili, A na B. Niliongeza sauti kidogo, nikaona aibu, nikapunguza. Pale katikati ya spika palikuwa na alama tatu za miguu ya kigoda kwenye udongo, na kuku mmoja. Mama mkwe alikuja kuchukua chumvi, akaondoka na chumvi.

Niliumia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimepata amplifaya niliyoitaka, kiti changu kiko mahali pake, mwimbaji anasimama mbele yangu kila jioni, na mimi nasikiliza kama mtu aliyekaribisha wageni wasitokee. Mara mbili nilivaa viatu niende pale mlangoni kumwambia arudi. Mara mbili nikavivua. Ningemwambia nini, na kwa mdomo gani? Mkwe kumfuata baba mkwe kumwambia najua ulikuwa unasikiliza, hiyo siyo fadhila. Ni kumvua nguo.

Kisha jioni moja mama mkwe alikuja bila ndoo. Alikaa. Safari hii alikubali chai, akainywa yote, nikamwacha ainywe. Nje mvua ilikuwa imetoka kukatika na ng'ombe wameshaingia.

"Mzee amenituma," alisema.

Nikajikaza, nikatumia sauti ya kawaida, nikauliza ni yupi anayeomba sasa, yule mweusi au ndama.

"Hapana." Aliweka kikombe chini. "Amesema nikwambie hivi, na nisikwambie vingine. Leo siyo ng'ombe. Ni yeye. Anaomba ile ya kwenu."

Sikuelewa mara moja. Nikamuuliza ipi ya kwetu.

"Ile ya kukanyagwa kidole," alisema mama mkwe, na uso wake haukutikisika.

Nilikwenda kwenye amplifaya. Nilitafuta zeze kwenye flashi, wimbo ambao baba yangu alipenda kuanza nao. Nje nikasikia kigoda kikiburutwa kwenye udongo mbichi, kikasimama, kikasogezwa kidogo. Nilisubiri hadi kilipotulia.

Nikageuza kitufe kwenye B peke yake. Kisha nikarudi kitini kwangu, katikati ya spika mbili zilizonyamaza, nikaegemeza kichwa kwenye ukuta wa upande wa zizi, nikasikiliza kinachopenya.